Kutoka Huko Mpaka Hapa ni Saa Ngapi

Benchi ni langu, asije mtu akawadanganya. Ubao wake marehemu mume wangu aliung'oa kwenye kitanda chetu cha kwanza siku tuliponunua cha pili, akauweka juu ya matofali, akasema utatosha kwa wiki moja. Yeye kaondoka, ubao upo. Umekaa katikati ya mlango wangu na kibanda cha Fundi Saa, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza, na kila asubuhi naweka jiko la mkaa, birika, na vikombe sita visivyo na masikio, halafu wanaume wanakuja kunywa na kusema uongo. Watatu ni wa kudumu. Kilomita aliendesha lori la masafa marefu miaka thelathini, mpaka macho yakamsaliti. Stempu alipeleka barua za posta mpaka watu wakaacha kuandikiana. Povu ni kinyozi. Jina alipewa kwa ajili ya sabuni, likambakia kwa ajili ya mdomo. Wa nne alikuwa Fundi Saa mwenyewe. Jumatano hiyo ninayoisema walibanana watatu upande mmoja kama kuku waliolowa, wakamwachia nafasi yake mwisho wa ubao, ingawa asubuhi ya jana yake ni mimi niliyempelekea kikombe kibandani nikamkuta ameinamia meza, kioo cha kazi bado kimembana jichoni, ameshakuwa baridi kuliko saa zake.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili. Hospitali walisema friji yao imejaa, maiti itoke kesho Alhamisi kabla jua halijazama. Mchimbaji kaburi alituma salamu kwamba atapita kabla ya adhuhuri apewe saa ya kuzika. Na Fundi Saa alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, wa kiume, aliyekwenda Huko miaka kumi na minane iliyopita. Huko ndilo jina tuliloupa ule mji, maana jina lake halisi kila mmoja alilitamka kivyake na hakukuwa na wa kumsahihisha mwenzake. Mle kibandani, kati ya saa arobaini zinazobishana, Fundi alitundika ukutani moja yenye majira ya Huko. Ufunguo wake hushika siku mbili, ya tatu inakufa, lakini yeye aliitia ufunguo kila siku ya Mungu kabla hajaonja kahawa. Kwetu ikifika saa tatu asubuhi, Huko ni saa tano usiku, kijana katoka kazini. Baba anapiga simu, wanaongea dakika mbili, anakata. Ukimuuliza vipi, anasema, "Mzima. Anakuja mwezi ujao." Miaka kumi na minane ya mwezi ujao.

— Mtoto yuko hewani, akasema Povu, akipuliza kahawa yake. Swali ni moja tu. Anatua saa ngapi?

— Swali jepesi hilo, akasema Kilomita. Unachukua umbali, unagawanya kwa mwendo. Kutoka Huko mpaka hapa ni kilomita elfu kumi na mbili.

— Nani kakuambia?

— Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini anajua umbali kwa makalio, bwana. Haulizi.

— Haya, elfu kumi na mbili.

— Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Hilo hata mtoto mchanga analijua. Sasa elfu kumi na mbili, gawanya kwa mia tisa...

Akamaliza vidole vya mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akaazima vitatu vya Stempu.

— Kumi na tatu na kitu, akasema.

— Kitu gani?

— Hicho kitu ndicho kinachowasumbua watu. Ndani ya hicho kitu ndimo dereva anamolala.

— Rubani, nikamwambia.

— Rubani ni dereva aliyevaa tai, Bibi. Hakuna binadamu anayeshika usukani saa kumi na tatu bila kusinzia. Mimi kila baada ya saa nne nilikuwa nasimama, natandika mkeka chini ya tela, nalala kidogo. Kwa hiyo jumlisha usingizi mara tatu. Jumlisha kupoza matairi.

— Matairi yatapataje moto na hayagusi kitu?

— Si yamekunjwa? Kitu kilichokunjwa kinashika joto. Kunja mguu wako hapo uone.

— Wangu ukikunjwa haukunjuki, nikamwambia. Endelea na uongo wako.

— Tena mwendo pole hajikwai. Rubani mwenye akili hawezi kukimbia na roho za watu.

— Ni "mwenda pole", akasema Stempu. Na ndege ikienda pole, baba, inashuka kama embe.

Povu akatoa simu yake, ile kubwa kama kigae cha sakafuni, akasema yeye hana haja ya vidole vya watu, jana usiku alikwishaiuliza.

— Nikaiambia, nionyeshe njia ya kutoka Huko mpaka kwenye kibanda changu cha kunyolea. Ikafikiri. Ikazungusha kile kiduara chake. Mwisho ikaandika: njia haikupatikana.

— Umeona! akasema Kilomita.

— Nimeona nini?

— Hakuna barabara. Kwa hiyo hakuna kona. Kilomita ya angani ni fupi kuliko ya chini, maana ya chini nusu yake ni kona. Elfu kumi na mbili za angani ni elfu saba za kweli.

— Mbona dakika mbili zilizopita ulisema kumi na tatu na kitu?

— Nilikuwa sijatoa kona.

Stempu alikuwa ametulia muda wote, kikombe kimemkaa mikononi. Huyu ni mtu wa umri wangu, na kama nilivyo mimi, hasemi mpaka wajinga wachoke.

— Nyinyi mnahesabu kama vile kwenda na kurudi ni njia moja, akasema. Kabla ya simu hizi, barua za Fundi Saa nilizibeba mimi kwa mkono huu. Ya kwake kwenda Huko ilichukua siku ishirini na moja. Majibu yalichukua siku thelathini na nne. Njia ileile, gunia lilelile. Kwa nini?

— Kwa nini?

— Kurudi ni mbali kuliko kwenda.

Povu akacheka. Mimi sikucheka. Nina binti, naye yuko Huko kwingine, upande mwingine kabisa wa dunia. Hunipigia akikumbuka, na akikumbuka huniuliza kama mvua imenyesha. Alikwenda kwa siku moja na begi moja. Kurudi kunamchukua mwaka wa tisa huu.

— Mzee Stempu, ni upepo au? akauliza Povu.

— Si upepo. Tazama ramani yoyote iliyobandikwa ukutani. Huko wako juu, sisi tuko chini. Sasa mwenye mzigo akishuka mlima anafanyaje?

— Anakwenda mbio.

— Anashika breki! akasema Kilomita, na dereva aliyekuwa amelala ndani yake akaamka. Gia ya pili mpaka bondeni! Niliwahi kushuka saa sita mlima nilioupanda kwa saa mbili.

— Umesema mwenyewe. Mpanda ngazi hushuka. Lakini wahenga hawakusema anashuka kwa muda gani.

Hapo kibandani kengele ikalia. Krrr, krrr, krrr. Wote tukageuza shingo.

— Saa zake zinamlilia, akasema Povu.

Ikanyamaza. Wala haikutushtua. Kibanda kile kilijaa saa za kengele za watu, kila moja inamwamsha mwenyewe asiyekuwepo, na sisi masikio yetu yalikwisha kufa ganzi. Jana kutwa zililia. Ufunguo wa mlango nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga, na sikuwa na hamu ya kuutumia. Kumfungia mtu kibanda chake hali yeye ndiye aliyekufungulia kila asubuhi ni kazi. Kukifungua tena ni kazi nyingine.

— Mimi nasema tuzike kesho asubuhi, nikasema. Awe amefika, awe hajafika.

— Bibi!

— Bibi nini? Miaka kumi na minane hakuja kwa baba aliye hai. Leo anakimbilia nini?

— Fundi mwenyewe alisema, akasema Stempu. Hapahapa, amekaa pale. "Nikifa msinifukie kama mnafukia bomba. Mngojeni mwanangu aanze udongo." Ulikuwepo. Ulikuwa unapepea jiko.

— Nilikuwepo.

— Ukamjibu, "Sawa."

— Nilimjibu sawa ili anyamaze.

— Una roho ya jiwe wewe.

— Ndiyo. Na sufuria hukaa juu ya mawe, haikai juu ya maneno.

Lakini sawa niliisema, na sawa ikishatoka mdomoni haimezwi tena. Ndiyo maana niliwaacha waendelee na hesabu zao, nikaongeza mkaa.

— Wazee wangu mnachanganya mambo, akasema Povu, akisimama. Dunia inazunguka au haizunguki?

— Shuleni walisema inazunguka.

— Mimi darasa la pili niliondoka kabla hatujafika hapo, nikasema.

— Inazunguka, Bibi. Kama kiti changu cha kunyolea. Mteja akikaa, je, mimi namzunguka? Simzunguki! Nasimama palepale na wembe wangu, kiti ndicho kinaniletea sikio la pili. Sasa ndege ni wembe. Inapaa, inasimama juu, inangoja. Dunia inazunguka, inaleta mtaa wetu chini yake. Inashuka.

— Kwa hiyo rubani kazi yake ni kusimama?

— Kazi yake ni subira. Aliye juu mngoje chini, ndivyo walivyosema wahenga.

— Hiyo ni ya kumngojea mwenye majivuno aanguke, nikamwambia. Ndiyo unayoiombea ndege ya mtoto wa watu?

— Mungu apishe mbali! Basi ile nyingine. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mnadhani ilitungwa kwa ajili ya nini? Uwanja wa ndege! Inakimbia kwenye sakafu, ikifika ukingoni mbio zimekwisha, inaruka.

Kilomita akairudia polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayeonja chumvi.

— Mbio za sakafuni... Na kweli ile barabara yao ni sakafu. Haina hata shimo moja.

— Asante mzee.

— Haya, tuseme alipanda alfajiri ya leo, akasema Kilomita.

— Leo ya kwetu au leo ya Huko? akauliza Stempu.

Wakatazamana. Hapo ndipo nilipoona pengo la yule mtu, na sikuliona kwenye ubao. Miaka yote hiyo mtu akiuliza kuhusu Huko, Fundi Saa alikuwa anageuka tu, anatazama ukuta wake kupitia mlangoni, anajibu. Huko sasa wanalala. Huko sasa watu wanatoka kazini. Hatukuwahi kuzijifunza hizo hesabu, kama vile hujifunzi kupumua kwa niaba ya jirani.

— Wako nyuma yetu, akasema Povu. Hilo nalikumbuka vizuri. Alisema sisi tukiamka leo, Huko bado wamo ndani ya jana.

— Kweli, alisema.

— Sasa sikilizeni. Leo hapa Jumatano. Huko basi ni Jumanne. Kijana kapanda ndege Jumanne. Na ndege ina mbio kuliko jua, ndiyo au siyo?

— Inasemekana.

— Si kutangulia si kufika? Jua limetangulia, ndege inalifuata, inalipita. Ukilipita jua umerudi asubuhi. Ukizidi kulipita umerudi jana. Yeye kaanza na Jumanne, kalipita jua mara moja, anafika hapa Jumatatu! Jumatatu jioni! Na Jumatatu jioni Fundi Saa...

Akasimama hapo, kikombe kimemwagika nusu kwenye suruali na hajui.

Jumatatu jioni Fundi Saa alikuwa amekaa mwisho wa ubao, amevua kiatu kimoja, anamgombeza Kilomita kwa kukimwagia kahawa.

— Angemkuta, akasema Stempu.

Hakuna aliyecheka. Watatu hao, wenye meno kumi na tano yenye afya kwa jumla yao, wakaitazama ile nafasi. Nawajua. Kila mmoja alikuwa anaipiga ile hesabu upya kimoyomoyo, kuona kama itakubali.

— Kunyweni kahawa, nikasema. Hakuna ndege ya kwenda Jumatatu.

Krrr, krrr, krrr, kibandani. Ikalia kwa muda, ikanyamaza. Ikaanza tena.

— Hiyo saa imeharibika, akasema Kilomita.

— Ya nani?

— Mwenyewe atakuja kuiulizia.

Ikanyamaza.

Mchimbaji akatokea upande wa vumbi, sepetu begani. Ni mtu mzima, baba wa watoto watano, na hana maneno mengi. Wateja wake wamemzoesha. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akasema poleni, halafu kabla mtu hajamwambia kitu akakaa kwenye ile nafasi mwisho wa ubao. Povu akafungua mdomo. Nikamkazia jicho, akaufunga. Nikampa mgeni kikombe.

— Nimekuja kuchukua saa, akasema. Nichimbe lini?

— Anafika kesho saa kumi jioni, akasema Kilomita, ukijumlisha usingizi wa dereva.

— Jumapili, akasema Stempu. Kurudi ni mbali.

— Kwa hesabu zangu alishafika juzi, akasema Povu, lakini hata yeye hakuwa na nguvu tena.

Mchimbaji akawasikiliza wote mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyosikiliza hotuba za makaburini. Akanywa. Akafuta mdomo kwa kiganja.

— Mtoto mwenyewe kasemaje?

— Mwenyewe yupi?

— Huyo anayekuja. Mlipompa habari, alisema anapanda ndege ya saa ngapi?

Ndipo Povu alipoiona suruali yake imelowa, akaanza kuifuta.

— Nani aliongea naye? akauliza.

Kilomita akamtazama Povu.

— Si wewe mwenye simu kubwa?

— Mimi? Namba nitaitoa wapi? Mzee Stempu ndiye mtu wa kupeleka habari. Maisha yake yote!

— Nimestaafu, akasema Stempu. Tena ulinipa wewe habari. Jana mchana uliniambia, mtoto anakuja.

— Nilikuambia anakuja kwa sababu Bibi alisema.

— Mimi nilisema atakuja, nikasema. Nilisema, "Mtoto wake atakuja, au hatakuja?" Nilikuwa nauliza! Nilidhani Kilomita kampigia, maana Kilomita ndiye aliyekaa na maiti kwenye gari la hospitali, na koti la marehemu alilishika yeye.

— Kwenye koti kulikuwa na koleo na leso, akasema Kilomita. Nikadhani simu unayo wewe, Bibi, wewe ndiye mwenye ufunguo. Stempu akaniambia kijana yuko njiani.

— Na Kilomita akaniambia yuko hewani, akasema Povu.

Ndivyo tulivyompandisha ndege mtoto wa watu. Mimi nikauliza, Povu akamleta, Stempu akamtia njiani, Kilomita akamrusha. Tumekunywa birika zima tukimhesabia saa za kutua, na yeye mwenyewe Huko aliko bado ana baba.

Mchimbaji akatikisa kichwa. Akaweka kikombe chini. Na kibandani ikalia tena. Krrr, krrr, krrr. Ikanyamaza. Ikalia.

Sasa mimi sikusoma, lakini nimeishi ukuta kwa ukuta na Fundi Saa miaka ishirini na sita. Saa ya kengele ikilia, inalia mpaka ufunguo wake uishe. Ikinyamaza, imenyamaza, haiinui sauti tena mpaka mtu aje aitie. Hii ilinyamaza na kuanza, na kunyamaza, na kuanza. Nani aliyekuwa anaitia ufunguo, na mlango nimeufunga mimi tangu jana?

Nikafungua pindo la kanga.

Ilikuwa chini ya kile kitambaa cheusi cha kufutia vioo: kile kisimu chake cha vitufe, kinachokaa na chaji siku nne, alichokitegea mlio wa kengele kwa sababu mlio mwingine hakuusikia. Kinatetemeka mezani katikati ya viparafujo kama mende aliyepinduliwa. Juu yake ukutani saa ya Huko ilikuwa bado inatembea, kwa shida. Kwetu saa tano asubuhi. Yenyewe ilisema saa saba, na si ya mchana. Huyo aliyekuwa anapiga hakulala.

Wanaume walinifuata mpaka mlangoni, hapo wakagoma.

— Pokea wewe, Bibi, akasema Povu.

— Kwa nini mimi?

— Wewe ndiye mwenye roho ya jiwe, akasema Stempu, na safari hii hakuwa ananitukana.

Nikabonyeza.

— Baba? Baba, tangu jana napiga, nini...

— Si baba yako, nikasema. Ni mimi, wa birika.

— Mama Birika?

Alipoondoka nilikuwa Mama. Hakuna aliyempelekea habari kwamba nimeshapandishwa cheo.

— Ndiyo. Kaa chini.

— Nimekaa.

— Baba yako ametutoka. Jana asubuhi, mezani kwake, kazi mkononi. Hakuugua. Yuko hospitali, na wanataka tumzike kesho.

Nilimwambia hivyohivyo. Habari ya aina hiyo ni mwiba. Ukiuvuta polepole unachoma mara mbili. Nikasikia kwake friji inanguruma, na nyuma ya ukuta jirani anakohoa, mtu wa Huko kabisa, anakohoa kama watu wa hapa.

— Nilipiga mara kumi na tisa, akasema. Nilidhani amenikasirikia.

— Hakuwa na hasira.

— Mlikuwa mnasikia?

Swali lile nililiruka, kama mnavyoruka dimbwi nyinyi wenye viatu.

— Utakuja? nikamuuliza.

— Mtaningoja?

— Ndilo tunalolitafuta tangu asubuhi. Niambie wewe uliyepita hiyo njia. Kutoka huko mpaka hapa ni saa ngapi?

Nyuma yangu watu watatu waliacha kupumua. Elfu kumi na mbili za Kilomita, siku thelathini na nne za Stempu, kiti cha kinyozi, vyote vilisimama mlangoni vikingoja hukumu.

— Kuja huku zilikuwa saa kumi na tisa, akasema. Nilizihesabu moja moja. Kurudi sijui, Mama. Sijawahi kurudi.

Nikawageukia.

— Hajui, nikawaambia.

Stempu akainamisha kichwa, na hakudai ushindi.

— Nitapanda ya kwanza nitakayopata, ikasema simu. Nikishatoka huku sijui kama wataniruhusu kuingia tena, lakini nitapanda. Mama, ile saa bado inatembea?

— Ipi?

— Ya huku. Aliniambia ameitundika mbele yake.

Nikaitazama.

— Inatembea.

— Haya, akasema. Haya. Na akakata.

Tukarudi benchini. Nilipoinua birika lilikuwa jepesi. Nikalitikisa, yamebaki machicha. Mchimbaji alikuwa amesimama, sepetu begani.

— Sasa nichimbe saa ngapi, Bibi?

Nikawatazama wenye hesabu zao. Kilomita alikuwa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Povu alikuwa amenyamaza, na kama kuna mtu anataka kuja kushuhudia amechelewa, haikujirudia.

— Chimba kesho asubuhi, kisha ukae kivulini na sepetu yako. Hospitali nitakwenda mwenyewe kugombana nao. Shimo halichachi.

— Na asipofika?

— Nimesema chimba.

Akaondoka. Kilomita na Povu wakainuka, wanasema watanisindikiza hospitali, mmoja ana sauti na mwingine anajua kusukuma milango. Stempu akabaki nyuma. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu na kipande cha bahasha kuukuu.

— Bibi. Nipe namba ya binti yako.

— Ya nini?

— Basi tu.

Nikataka kumtukana. Nikamtajia, tarakimu moja moja, naye akaziandika kwa ule mwandiko wake wa posta, akanisomea, akakunja bahasha, akaiweka mfuko wa ndani.

Halafu nikawaambia wanisubiri, nikarudi kibandani. Saa ya Huko ilikuwa inaburuta mguu. Nikautafuta ufunguo wake kwenye droo, kati ya mikanda na vioo vya watu, nikapanda kwenye kigoda chake, nikaitia mpaka ikakataa, maana hakuna aliyejua njia ni ndefu kiasi gani.